Mara ya Tatu

Alianguka saa nne na robo asubuhi
juu ya vigae vya Bi. Mabel Hingley,
na kishindo chake hakikuwa cha ndege:
kilikuwa cha kitabu kizito kilichoponyoka mkononi.

Wenzake kumi na tisa waliendelea kuzunguka
juu ya Netherton, juu ya mfereji wa maji rangi ya chai
na kiwanda cha minyororo kisicho na moto tena,
wakapinduka pamoja, mara moja, kama kundi lililokohoa,
wakanyooka.
Yeye hakunyooka.

Nilipanda ngazi na taulo ya vyombo.
Jike wa kijivu, pete namba mia nne kumi na mbili,
jicho moja limefumba, mdomo una damu,
moyo unakwenda chini ya kidole changu gumba
kama cherehani ya fundi aliyechelewesha suti ya harusi.

Nilifundishwa hivi, nikafuata:
usimpe maji kwanza. Giza kwanza.
Sanduku la viatu, matambara, karibu na jiko lakini si sana.
Papasa mfupa wa kidari, umenyooka?
Kunjua bawa la kulia, halafu la kushoto,
uyalinganishe kama mikono ya shati.
La kushoto lilikuwa na joto, na uvimbe wa punje ya njegere.
Nikakata soksi ya Baba kidoleni, nikamvisha,
kichwa nje, mabawa yametulia ndani ya sufu.
Jioni, matone ya maji yenye sukari na chumvi,
kwenye ncha ya mdomo, asije akapaliwa.

Baba, Horace Tromans, aliketi akitazama,
fimbo katikati ya magoti.
"Mara ya ngapi hiyo?"
Nikasema ya pili.
Akahesabu kwa vidole kama ambaye hakunisikia.
Sheria ni yake, ina miaka arobaini,
imeandikwa kwa chaki mlangoni mwa banda:
MOJA, AJALI. MBILI, MASHAKA. TATU, SHINGO.
Hasemi kwa ukatili. Husema damu isiyojua kusimama
ikiachwa izae, itanyesha ndege juu ya paa za watu.
Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Na ni kweli. Kipaji chenyewe ndicho ugonjwa.
Tunawataka waanguke,
wapinduke kinyumenyume hadi wawe mpira, uzi, doa,
mita kumi, mita ishirini,
kisha tunawataka wajue ardhi iko wapi.
Kati ya bingwa na maiti
kuna mpinduko mmoja wa ziada.

Jumatatu iliyopita Baba alianguka jikoni.
Sikio la ndani, alisema daktari;
chumba humzunguka bila kumwomba ruhusa.
Februari alianguka bafuni.
Mimi sikuhesabu. Alihesabu yeye.

Siku kumi na nane nimempa jike shayiri tupu,
nimemtenga, aizoee sakafu.
Anashuka kwenye ubao wake, anajikwaa,
ananitazama kwa jicho lililofumbuka.
Huenda akaruka vizuri wiki tatu,
kisha asubuhi moja ya anga safi akasahau tena.
Sitamwacha azae. Hilo nimekubali.
Mayai yake nitayabadilisha kwa ya mbao.

Leo nimemkuta Baba bandani,
amefika peke yake, sijui kwa kushika ukuta upi.
Jike yumo mikononi mwake,
mikono ile ile iliyonyonga wengi bila kutetemeka.
Sasa inatetemeka, na ndege anatetemeka,
sikuweza kujua nani anamtetemesha nani.
Anapuliza manyoya chini ya bawa, anautafuta uvimbe.
"Umeisha," anasema.
Kisha: "Nishike kiwiko."

Mlangoni akasimama, akatia mate kidoleni,
akafuta neno la mwisho.
Hakuandika kitu mahali pake.
Chaki ya zamani ni ngumu:
S bado inaonekana, ukijua ilipokuwa.